Viti vya gari la spoti la Bana Kapembwa, na waranti iliyovuka ziwa Mweru

Wakuu, amani kwenu nyote mlio humu.

Mimi ni msomaji wa siku nyingi, kuandika huwa naogopa. Ila juzi kuna mwenzetu alilalamika kauziwa gari mtumba, viti vimefumuka ndani ya waranti, na aliyemuuzia anamzungusha tu. Komenti karibu zote zilimwambia waranti ni maneno ya kumalizia biashara.

Nikakumbuka jambo la miaka ya hamsini, kwetu Nchelenge, ufuo wa Zambia wa ziwa Mweru. Nikaona niliweke hapa, mtaamua wenyewe kama lina faida.

Mimi ni mzee, shule yangu iliishia standadi foo. Kiswahili nilikiokota kwenye biashara ya samaki, ni cha upande wa Katanga, kwa hiyo mkikuta neno limekaa vibaya mlinyooshe. Nitasema nilichokiona. Pale ambapo sina hakika, nitasema sina hakika.

Tuendelee.

Nilikuwa shofele, yaani dereva, wa mama mmoja tuliyemwita Bana Kapembwa, yaani mama yake Kapembwa, binti yake wa kwanza. Mumewe alikuwa ameshakufa. Yeye alinunua samaki aina ya makobo kwa wavuvi, kuanzia Kafutuma na ufuo wote ule, akawakausha na kuwapeleka Katanga, ng'ambo ya ziwa, kwa bato, yaani maboti, za Kasenga.

Watu wote walijua anatafuta lori. Hata mimi nilijua tunakwenda Elisabethville, Lubumbashi ya leo, kuangalia lori.

Tukarudi na gari la spoti.

Muzungu mmoja wa mgodi alikuwa amerudi kwao Ulaya, akaliacha kwenye garage liuzwe. Viti viwili, kofia ya turubai, rangi ya kijani. Marehemu mke wangu alikuwa akisema lilikuwa bluu, tukabishana hadi mwisho wa maisha yake, kwa hiyo andikeni kijani kwa jina langu tu.

Bana Kapembwa alilizunguka mara mbili, akapapasa madigadi ya mbele, akasema lori atanunua mwaka mwingine. Patron wa garage, yaani mwenye mali, Mbelgiji mnene mwenye sauti ndogo, alituambia mbele ya karani wake kwamba anatoa garanti, ndiyo waranti yenyewe, ya miezi mitatu, mashini na vitu vya ndani pia. Hayo maneno, vitu vya ndani pia, nayakumbuka vizuri kwa sababu mimi ndiye niliyemtafsiria mama kwa Kibemba.

Mashini, yaani injini, haikutusumbua hata siku moja. Lazima niseme hivyo ili niwe wa haki.

Taabu ilikuwa ndani. Tulipolifikisha nyumbani, ngozi ya milango ilianza kubanduka kutoka juu, ikawa inaning'inia kama sikio la mbuzi. Halafu mshono wa kiti cha abiria ukaachia, na manyoya ya farasi yaliyoshindiliwa ndani yakaanza kutoka. Ukishuka, unashuka nayo kwenye nguo. Zulia la chini nalo likaanza kunuka.

Sasa kilichofanya jambo liwe zito ni hiki. Kapembwa alikuwa ameposwa na kijana wa Mwansabombwe, watu wenye jina zuri. Na Bana Kapembwa alikuwa amesema mbele ya akina mama wa kanisa kwamba binti yake atafika kanisani ndani ya gari lile.

Kuna shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, tuliyemwita Ba Chola. Huyu hakuwa mtu mbaya, ila mdomo wake haukuwa na mlango. Alikuwa anapita asubuhi, anatazama ngozi zinavyoning'inia, na kuniuliza, "Mwansa, lile kabati lenu la nguo limeamkaje leo?" Kisha akawa anawaambia watu kwamba bibi harusi atashuka amevaa gauni jeupe lenye ndevu.

Watu walicheka. Mimi pia nilicheka, halafu nikajiona sikupaswa.

Bana Kapembwa aliniambia tu niandae gari, tunalirudisha kwa patron kabla garanti haijaisha.

Kwa wasiojua njia za wakati ule: gari lilipandishwa kwenye bato ya samaki kwa mbao mbili kutoka ufuoni, likafungwa kamba, bato ikavuka ziwa na kupanda mto Luapula hadi Kasenga. Kutoka Kasenga ndiyo barabara ya vumbi hadi mjini. Katika bato, gari linakaa karibu na masanduku ya barafu na samaki. Hilo mlikumbuke.

Mama alifunga pia kikapo cha makobo waliokaushwa vizuri, akakiweka nyuma ya viti. Kwetu huendi kwa mtu kumwomba jambo ukiwa mikono mitupu. Unatoa kwanza, mnakaa, mnaulizana habari za nyumbani, ndipo unasema kilichokuleta. Mimi mwenyewe sikuona kosa lolote. Ndiyo kusema tulilipeleka gari kulalamikia harufu, huku limebeba samaki. Njia nzima hakuna aliyeligundua hilo.

Tulifika garage, patron akatoka na kalamu sikioni. Bana Kapembwa akapiga goti kidogo, akamkabidhi kikapo.

Patron alikitazama, akatazama gari, akarudi nyuma hatua moja. Uso ukawa mwekundu. Akasema kwa Kiswahili chake, "Mama, hapa mimi hapana kula matabishi."

Matabishi ni ile zawadi ya chini ya meza. Alidhani tunamhonga.

Na hakuishia hapo. Akasema tena kwamba sasa ameelewa, motokari hii inabebeshwa samaki, ndiyo maana imeharibika, na garanti haihusu mtu anayegeuza gari la spoti kuwa stoo.

Wakuu, kwetu kukataliwa zawadi mbele ya watu ni kama kufukuzwa mlangoni. Nilikuwa na hakika mama atageuka na tutaondoka, na harusi itakuwa na ndevu kama Ba Chola alivyosema.

Bana Kapembwa hakugeuka. Alikiweka kikapo chini, polepole, kwenye saruji ya garage, kisha akasema Kiswahili mwenyewe, hakutaka nimtafsirie:

"Samaki iko ya bibi yako. Motokari iko ya kazi yako. Usichanganye ile bintu mbili."

Fundi mmoja aliyekuwa chini ya lori alitoa kichwa kutazama.

Patron akaniuliza mimi, shofele, niseme ukweli: gari hili limebeba samaki mara ngapi? Nikamwambia mara moja, leo, na ni hao walioko miguuni pako. Akanitazama sana. Sijui aliona nini usoni mwangu, labda woga tu. Akainama, akafungua mlango.

Hapa ndipo nataka mnisome taratibu, kwa sababu hapa ndipo nilipowaheshimu wote wawili.

Patron hakuita mtu. Alishika ile ngozi inayoning'inia akaivuta mwenyewe hadi chini. Ndani kulikuwa na gundi mpya imepakwa juu ya gundi ya zamani, bila kukwanguliwa. Akaenda kwenye kiti, akavuta uzi wa mshono, ukakatika kama uzi wa buibui. Akavuta mwingine, vilevile. Kumbe kabla ya kutuuzia, vitu vya ndani vilikuwa vimepambwa juu juu, na kwa jinsi alivyokuja juu kwa Kifaransa akielekea ndani ya atelie, kule mafundi wanakofanyia kazi, nadhani hata yeye hakujua. Hilo ni wazo langu tu.

Aliporudi alisema, "Milango na viti, ile njo ya kwangu. Nitatengeneza bure." Njo ni ndiyo ya kule.

Halafu akaonyesha zulia, ambalo kule wanaita tapi. Akasema hili maji ya bato yameliharibu, si garage.

Mimi nilishafungua mdomo. Nilitaka kubisha. Mutu amekwisha kukubali viwili, kwa nini asikubali na cha tatu? Nilikuwa na maneno tayari, kwamba tapi lilikuwa hivyo toka siku ya kununua.

Bana Kapembwa akanitangulia.

"Tapi ni yangu," alisema. "Siku ya kwanza tulipovuka, barafu ya samaki iliyeyuka, maji yakapita chini ya mlango. Niliona. Nikasema itakauka. Tapi nitalipa."

Patron alitoa kalamu sikioni, akaishika tu bila kuandika kitu. Kisha akaita kwa sauti kuelekea nyumbani kwake, ambako kulikuwa nyuma ya garage, na mkewe akatoka akifuta mikono. Akamwambia kuna mgeni amemletea samaki. Yule bibi akapiga magoti kwenye saruji na gauni lake, akafungua kikapo, akawanusa wale makobo na kucheka.

Ndipo tukaulizana habari za nyumbani. Tulianzia mwisho, lakini tuliulizana.

Viti vilishonwa upya palepale, sisi tukalala kwa ndugu wa mama. Fundi wa ngozi aliitwa baba Ilunga, Muluba mwembamba anayeimba akishona. Ila ngozi ya milango ya rangi ile haikuwepo. Tapi nalo halikuwepo. Patron alisema vinakuja kwa treni, tutangulie nyumbani, yeye atamtuma baba Ilunga atufuate hadi Nchelenge kabla ya harusi.

Tukarudi na milango iliyovuliwa ngozi, mabati matupu na ncha za misumari.

Ba Chola alikuwa wa kwanza kuja kuangalia. Alisema zamani kabati lilikuwa na ndevu, sasa limeota meno. Na kwa haki kabisa, alikuwa sahihi: gauni lolote lingeshika pale na kuchanika.

Majuma yakapita. Kila bato iliyofika kutoka Kasenga niliteremka kuitazama, nikarudi peke yangu. Harusi ikawa ni Jumamosi inayofuata. Mimi nilikata tamaa, siwezi kuficha. Nilimshauri mama tununue kitambaa chochote cha duka nikipigilie mwenyewe, au Kapembwa aende na lori la watu wa bwana harusi, aibu ipite upesi.

Akasema, "Mwansa, yule mutu alisema ni yake. Ukipigilia wewe, itakuwa si yake tena."

Nilienda kukaa nje. Nilimwona mkaidi. Sasa sijui kama ulikuwa ukaidi.

Ijumaa adhuhuri bato ilifika. Kati ya masanduku ya barafu alikuwapo baba Ilunga, amekaa juu ya mfuko wake wa vyombo, amekumbatia furushi la ngozi, uso umekuwa wa majivu kwa kutapika. Hakuwahi kuona maji mengi kiasi kile. Aliposhuka aliuliza kama kurudi lazima apite hapohapo.

Hakutaka chakula kwanza. Tulilisogeza gari mbele ya baraza, akakwangua mabati hadi yakang'aa, akapaka gundi, akangoja, akapigilia. Watu walijaa. Alihitaji mtu wa kushikilia mlango usitikisike, na aliyekuwa karibu alikuwa Ba Chola. Basi Ba Chola alishika mlango mchana kutwa, kimya, jasho likimtoka. Siku hiyo pekee nilimwona amenyamaza. Mwisho alipitisha kiganja juu ya ngozi mpya, akasema, "Hata mimi ningeoa tena." Mkewe alikuwepo, akamwambia mlango huo hauingiwi na mtu wa umri wake.

Tapi jipya lililetwa pia. Baba Ilunga alisema patron amesema hili ni la mama. Mama akalipa papo hapo, hakuomba apunguziwe.

Jumamosi nilimpeleka Kapembwa kanisani. Gari la viti viwili: mimi na bibi harusi, basi. Niliendesha mwendo wa mtu anayetembea, kwa sababu nyuma yetu Bana Kapembwa alikuwa anakuja kwa miguu na akina mama wa kanisa, vumbi la gari lake mwenyewe likimwingia machoni, akiimba sauti ya kwanza. Kapembwa alishuka, gauni jeupe lote, hakuna hata unywele mmoja.

Baba Ilunga alikaa kwenye harusi hadi Jumatatu. Nadhani alikuwa anaogopa ile bato.

Nilichojifunza, na mnirekebishe kama nakosea: sidhani yule patron alitutumia fundi kwa sababu ya garanti peke yake. Nadhani ni kwa sababu mama alisema tapi ni yangu pale ambapo angeweza kunyamaza. Lakini pia nisimnyime patron haki yake, maana alikwisha kusema njo ya kwangu kabla mama hajasema lolote la tapi. Nimeligeuza hili kwa miaka mingi na bado sijui nani alianza kumfanya mwenzake kuwa mwema.

Ninachojua ni kwamba mimi ningebisha. Na huenda milango ingebaki mabati.

Kwa hiyo mwenzetu wa viti vilivyofumuka, kabla hujarudi pale dukani, kaa ujiulize kipi ni chao na kipi ni chako, halafu nenda ukavisema vyote viwili. Wengine mliowahi kudai waranti, ninyi mngelisema lile la tapi, au mngenyamaza? Jibuni bila aibu, mimi jibu langu nimeshalitoa.