Siku Niliyomuua Ryota kwa Kifaransa Changu

Naombeni msicheke kabla sijamaliza, maana aibu hii bado haijapoa, na kuna akina mama watatu ambao hadi leo nikiwaona kwa mbali pale Porte de Namur, huku ughaibuni tunakoishi, nageuka haraka na kujifanya nasoma tangazo dukani. Na chanzo chake ni nini? Tamthilia ya Kijapani ya watoto wa shule wanaopendana! Msimu wa pili, sehemu ya kwanza.

Maman Odette ni mwenzangu kazini, tunafanya usafi kwenye nyumba moja ya wazee kule Uccle. Yeye katokea Lubumbashi, mimi Morogoro, na Jumapili hiyo alinialika kwake Laeken nikale bukari (ndio ugali wao). Ila niseme ukweli, si bukari iliyonifanya nipige pasi shati mara mbili. Maman Odette ana binti anaitwa Sifa, na kwa Sifa mimi nilikuwa tayari kula hata mawe.

Sasa nafika, namkuta Sifa anavaa viatu, kaitwa ghafla dukani anakofanya kazi, mwenzake anaumwa. Sebuleni kakaa Koko, yaani bibi yake, mama mzazi wa Maman Odette, kajifunga kitenge kipya kabisa na macho kayaelekeza kwenye televisheni kama mtu anayesubiri mgeni wa heshima. Koko hasomi Kifaransa, na kwenye ile tamthilia watu wanaongea Kijapani huku maandishi ya Kifaransa yakipita chini, kwa hiyo msimu wote wa kwanza Sifa ndiye alikuwa anamsimulia kwa Kiswahili. Msimu uliishia pale kijana Ryota yuko juu ya paa la shule anataka kumwambia Chie kwamba anampenda, anafungua mdomo, kengele inalia, basi, kwisha. Miezi yote hiyo Koko alikuwa anasubiri mdomo wa Ryota ufunguke tena.

"Bon, leo nani atanielezea?" Koko akauliza kwa huzuni.

Sifa akanigeukia. "Baraka, we unasoma Kifaransa, no?"

Pale ningesema "kidogo" tu, maisha yangu yangekuwa mengine. Lakini alivyoniangalia! Nikajibu, "Kwani ni shida? Nenda kazini kwa amani." Akatabasamu, akaondoka, Maman Odette akarudi jikoni, nami nikakaa karibu na Koko kama profesa.

Jamani, yale maandishi yanakimbia! Nikikamata neno la kwanza, sentensi nzima imeshapotea. Halafu watoto wote wamevaa sare moja, na inaonekana kati ya misimu walibadilisha nywele, kwa hiyo sikujua nani ni nani, nikawa nasema tu, "Huyu anamsalimia yule, yule kakasirika kidogo," na Koko anaitikia, "Eeh, Chie anakasirikaka bure." Hapo nikajua kumbe yule ndiye Chie, nikapumua.

Ndipo mwalimu akaingia darasani, kainamisha kichwa, darasa kimya, Chie machozi yanamlenga, na chini pakatokea: "Ryota nous a quittés."

Hayo maneno nilikuwa nayajua! Ndiyo Kifaransa pekee nilichokuwa na uhakika nacho, kwa sababu kazini kwetu mzee akifariki wanabandika picha yake karibu na lifti, na chini yake wanaandika hivyo hivyo, fulani nous a quittés, yaani fulani ametuacha. Kulikuwa na mstari mwingine ukafuata, lakini sikuusoma, mimi nilishageuka.

"Koko," nikasema kwa sauti ya msibani, "pole sana. Ryota amefariki."

Koko hakulia hapo hapo. Alinitazama, akaitazama televisheni, akaweka mikono kichwani. "Eh Mungu wangu! Mutoto muzuri vile! Hata hakumwambia Chie!" Kisha akachukua simu, na mimi nikadhani anatafuta leso, kumbe anawarekodia sauti wamama wa kundi lake la sala: "Bamama, mukuje. Ryota yetu amekufa."

Ikapita kama robo saa hivi, nikiwa naendelea kumsimulia kilio cha Chie, mara kwenye televisheni mlango wa treni unafunguka, anashuka kijana na begi mgongoni. Koko akaruka.

"Ule si Ryota?"

Nikachanganyikiwa. Nikasema ni ndoto. Kijana akanunua maandazi, akala. (Nani anaota mtu anakula maandazi, na kwa utulivu ule?) Nikasema ni mzimu. Yule muuzaji akampa chenji.

"Papa, muzimu wanaupatia chenji?"

"Koko, samahani, nimeelewa sasa," nikasema, jasho linanitiririka. "Huyu ni pacha wake."

Kengele ya mlango ikalia. Wakaingia wamama watatu, mmoja nywele kasukwa nusu, inaonekana katoka mbio saluni, wanalia na wanaimba wimbo wa mazishi. Maman Odette akatoka jikoni na mwiko mkononi. "Nani amekufa? Nani?" "Ryota!" wakamjibu, na mmoja akamkumbatia, "Pole, Maman Odette, hatukujua una mjukuu anaitwa vile." Maman Odette akaanza kulia na yeye, bila kujua anamlilia nani! Mimi nimesimama katikati, sijui kama niwatulize au niitikie wimbo, na nawaambieni kweli, niliitikia.

Kisha mlango ukafunguka kwa kishindo. Sifa. Kavaa bado koti la kazini, anahema, mtu aliyesikia ile sauti ya Koko kamwambia njiani kwamba kwao kuna kifo, na kwa kuwa bibi yake ana presha, alikuwa na wazo moja tu kichwani. Alipomwona Koko amekaa mzima, akakaa chini mlangoni akalia kwa sauti. Hakuna aliyecheka. Wimbo ukakatika wenyewe.

"Baraka," akasema baadaye, "ulimwambia Koko nini?"

Nikamwonyesha. Akachukua rimoti, akarudisha nyuma, akasoma mstari wa kwanza, kisha ule wa pili ambao mimi sikuusoma: pour une autre école. Ryota alikuwa amehamia shule nyingine. Basi.

Wamama wakanitazama. Maman Odette akanitazama, mwiko bado mkononi. Nilitaka sakafu inimeze, lakini pale ni ghorofa ya tatu, ningeangukia jirani. Nikaomba radhi kwa kila mtu, mmoja mmoja, na kwa Sifa mara mbili, na yeye akaniambia tu, "Karibu ungeniua mimi," kisha akaenda kunawa uso.

Koko peke yake alikuwa bado anafikiri.

"Donc," akaniuliza polepole, "pacha hayuko?"

"Hayuko, Koko."

"Pole," akasema, na akafuta machozi upya. "Nilikuwa namupenda ule pacha."

Bukari tulikula wote, na wamama watatu. Sifa alichukua wiki nyingi kunijibu ujumbe. Mimi nimerudi darasani, kozi ya mwanzo kabisa, na mtu yeyote akiniuliza kama nasoma Kifaransa, hata awe mrembo kiasi gani, nasema sisomi, tena nasema haraka kabla hajatabasamu.