Neno lililomfungia Mideva milango ya Navakholo

Kete za Kukhu Pascalia ni vifuniko vya soda vilivyolazwa kifudifudi. Za mpinzani wake, mwendeshaji boda boda anayeitwa Sammy, zimelala chali. Ni asubuhi ya siku ya soko Navakholo, kaunti ya Kakamega, na ubao wa drafti umewekwa juu ya kreti tupu kando ya steji ya boda boda.

Nyuma ya Kukhu amesimama Christine Mideva, kitambulisho shingoni, kishikwambi mkononi. Amekuja na swali moja, lakini halijibiwi.

"Ngoja kwanza nimalizane na huyu kijana," anasema Kukhu bila kuinua macho.

"Kukhu, hapo umeisha," Sammy anamchokoza. "Leo utaninunulia mafuta ya pikipiki."

"Nitakununulia kitambaa cha kufuta machozi." Kukhu anaruka kete mbili kwa mkupuo mmoja, anazikusanya na kuzitia katika mfuko wa aproni. "Haya, mama. Uliza."

Mideva anacheka, kisha anauliza: ule ujumbe uliotumwa kwa simu yake mwezi uliopita, je, alilijaribu jambo alilopendekezewa?

Nusura swali hilo lisiulizwe kamwe. Miezi michache iliyopita Navakholo ilikaribia kufutwa katika utafiti huu, na Mideva pamoja nayo, kwa sababu ya neno moja la Kiswahili.

Mideva, 33, mama wa watoto wawili na mkazi wa mtaa wa Amalemba mjini Kakamega, ni mkusanyaji wa data. Kazi yake ni kwenda nyumba hadi nyumba akiwauliza watu maswali yaliyoandikwa na wengine. Ana stashahada ya maendeleo ya jamii, na alikuwa miongoni mwa makarani wa sensa ya 2019. Hulipwa shilingi 1,800 kwa siku kazi inapopatikana. Mwaka jana haikufika nusu ya mwaka. Miezi iliyosalia aliuza viatu vya mitumba.

"Nimeuliza watu kuhusu vyoo, vyandarua, mbolea na watoto waliofariki," anasema. "Sikuwa nimewahi kumuuliza mtu ni kitu gani kinamfurahisha."

Utafiti huu unafanywa na kikundi cha watafiti wa chuo kikuu. Wanaunda programu ya kompyuta itakayompendekezea mtu jambo la kufanya wakati wa mapumziko. Programu hutazama umri wa mtu, elimu, kazi na ukubwa wa familia yake, ikamlinganisha na wanaofanana naye, kisha ikamtumia pendekezo kwa simu. Awamu ya kwanza ni ya kukusanya data hizo, pamoja na shughuli ambazo kila mtu anazipenda. Awamu ya pili ni ya kurudi kwa watu walewale na kuuliza kama pendekezo liliwafaa.

Kiongozi wao, Griffin Osundwa, anasema toleo la majaribio lilifunzwa kwa data kutoka ng'ambo. Lilipojaribiwa Navakholo, lilimshauri mkulima wa miwa atulize mawazo kwa kutunza bustani.

Mkulima huyo ni Protus Makhanu, 52. Hajalisahau.

"Nitoke kwa shamba niende kupumzika kwa shamba?" anauliza. "Hiyo kompyuta imewahi kushika jembe?"

Ndipo watafiti wakaamua kukusanya data zao wenyewe katika maeneo matatu ya kaunti: Amalemba, Mumias na Navakholo. Mideva akapewa Navakholo. Walikubaliana kwamba ambaye data za eneo lake zingefaa angeendelea hadi awamu ya pili, yaani miezi minne zaidi ya kazi.

Kabla ya kuanza, kulifanyika kikao cha kutafsiri maswali. Ilibidi lipatikane neno la shughuli anayoipenda mtu nje ya kazi. Osundwa alipendekeza "hobi". Mideva alipinga.

"Nilisema Kiswahili kina neno lake, ni uraibu," anakumbuka. "Shule ya msingi tuliandika insha ya 'Uraibu Wangu'. Yangu ilisomwa mbele ya darasa. Nilikuwa na uhakika kabisa."

Kamusi ilikuwa upande wake. Redio haikuwa. Katika vipindi vya asubuhi na mabaraza ya chifu, uraibu siku hizi haukai peke yake: ni uraibu wa pombe, uraibu wa kamari, uraibu wa dawa za kulevya. Kikao kilipitisha neno la Mideva, na swali likaingizwa kwenye vishikwambi: Una uraibu gani?

Mtu wa kwanza kuulizwa alikuwa Makhanu. Alitaja umri wake, idadi ya watoto na ekari za miwa bila wasiwasi. Mideva alipofika kwenye swali hilo, mwenyeji wake alisimama.

"Madam, nani amekutuma?"

"Ni utafiti tu, mzee."

"Utafiti wa chifu? Mwambie mimi niliokoka. Pombe niliachana nayo."

Sauti ya mkewe ikatoka jikoni: "Mwambie na ile ya juzi kwa matanga!"

"Ile ilikuwa uji!" Makhanu akajibu.

Mideva aliandika: Hana.

Boma la pili, mama mmoja alitaja kanisa lake, mchungaji wake, na cheo chake katika kikundi cha akina mama. Hana. Boma la tatu, kijana alitaka kujua kama majina yangepelekwa polisi. Hana. Katikati ya wiki, habari zilikuwa zimemtangulia kwa boda boda: kuna mwanamke anayezunguka na kishikwambi akiandika walevi. Alipobisha hodi katika nyumba moja, sauti kutoka ndani ilimjibu, "Hatuko!"

Wiki ilipokwisha, wanane kati ya kila watu kumi aliowahoji walikuwa wameandikwa Hana. Osundwa alimpigia simu. Alikuwa mpole, lakini hakuzungusha maneno. Kwa mujibu wa programu, Navakholo ilikuwa mahali ambapo watu hawapendi chochote. Bila maelezo ya kuridhisha kufikia Jumatatu, eneo jingine lingechukua nafasi yake.

"Kupoteza kazi kungeniuma, sitadanganya," anasema Mideva. "Lakini kuna kingine. Hawa watu wangeingia kwenye kompyuta kama watu wasio na raha yoyote. Na mkono uliowaandika hivyo ni wangu."

Maelezo yalipatikana Jumamosi, naye hakuwa kazini. Alikwenda Navakholo kununua kuku, akapita kando ya steji, akasikia vicheko. Katikati ya kundi la waendesha boda boda alikuwa ameketi Pascalia, mjane wa miaka 71 ambaye jirani zake wote humwita Kukhu, yaani bibi. Siku chache nyuma Mideva alikuwa amemwandika Hana. Sasa alikuwa akimmaliza kijana wa tatu kwa drafti.

"Mulembe, Kukhu," Mideva alimsalimu. "Si Jumanne uliniambia huna?"

"Sina nini?"

"Uraibu."

"Sina, na sitaki. Marehemu mzee wangu alikuwa nao, si uliniona nimebaki peke yangu?"

"Na hii drafti?"

Kukhu aliutazama ubao, kisha akamtazama Mideva kama mtu aliyepotea njia. "Hii? Hii si uraibu, mama. Hii nachezanga tu."

Mideva anasema alisimama pale akiyarudia maneno hayo mawili. Kiambishi -nga, kinachoonyesha jambo la kila mara, husikika kila siku katika Kiswahili cha magharibi mwa Kenya. Hakimo katika Kiswahili sanifu, na walimu hukikata kwa kalamu nyekundu. Mideva mwenyewe alifunzwa kukikwepa, ilhali ndicho alichokitumia Kukhu kueleza jambo afanyalo kwa hiari yake. Neno "tu" lilimaliza kazi: hakutumwa, halipwi, haombi ruhusa.

Alijaribu papo hapo. Aliwageukia vijana wa boda boda na kuwauliza: "Na nyinyi, mkimaliza kazi, mnafanyanga nini tu?"

Majibu yalimwagika. Mmoja anafuga njiwa. Mwingine huenda Shinyalu kutazama fahali wakipigana. Sammy hupiga gitaa alilolitengeneza kwa mkebe wa mafuta ya kupikia.

"Huyu naye," Sammy alimsonta mwenzake, "anaendanga kusikiliza mazoezi ya kwaya, na si kanisa lake."

"Napenda nyimbo," mwenzake alijitetea.

"Anapenda sauti ya pili, yule wa kitambaa cha bluu."

Mideva alisahau kuku.

Jumatatu, Osundwa hakulikubali jambo hilo moja kwa moja. Alikuwa na hoja: swali likibadilishwa katikati ya utafiti, majibu ya kabla na ya baada hayawezi kulinganishwa. Alitaka ushahidi. Nyumba thelathini zilichaguliwa kwa kura miongoni mwa zilizoandikwa Hana, na Mideva akatumwa kuziuliza upya kwa maneno ya steji.

Nyumba mbili pekee zilirudi bila jibu. Moja ilikuwa na msiba.

Osundwa aliamua swali jipya liulizwe tena katika maeneo yote matatu, ingawa lilichelewesha kazi kwa wiki tatu. Navakholo ikabaki. Anakiri kwamba hata pendekezo lake la awali halingesaidia sana. "Nililijaribu neno hobi mwenyewe," anasema. "Vijana wa Amalemba walilielewa. Mumias, mzee mmoja aliniuliza kama ni sabuni mpya."

Mhariri wa lugha wa chuo alitaka kuiondoa -nga kabla ya maswali kuingizwa tena kwenye vishikwambi. "Nilimwambia hatumtahini mtu sarufi," anasema Osundwa. Swali lilibaki hivi: Ukimaliza kazi, na hakuna aliyekutuma, unafanyanga nini tu?

Makhanu aliposomewa swali hilo, alicheka mpaka akashika ukuta. "Kumbe ni hiyo? Si ungesema!" Aliingia ndani na kutoka na mipini ya majembe. Kila mpini ulikuwa umechongwa sura ya mtu mwishoni. Aliwatambulisha mmoja mmoja: fundi baiskeli, mwenye posho mill ya kusagia unga, shemeji yake. Mmoja ulifanana mno na naibu wa chifu, akaomba huo usiandikwe.

"Hiyo sasa ndiyo pombe yake," mkewe alisema kutoka jikoni. "Tukila anachonga, tukiomba anachonga."

Mideva anasema kazi yake imebadilika tangu siku hizo. Watu waliokuwa wakijifungia sasa wanamwita barabarani kusahihisha majibu yao. Mama wa kikundi kile cha kanisani alimfuata hadi sokoni kumwambia kwamba alisahau kutaja jambo muhimu: yeye huigiza sauti za majirani, na huifanya sauti ya mchungaji vizuri kuliko zote.

Programu iliyofunzwa upya ilianza kutuma mapendekezo mwezi uliopita. Osundwa anatahadharisha kwamba matokeo bado. Baadhi ya mapendekezo yanalenga, mengine hayalengi, na kazi ya awamu ya pili ni kujua ni kwa kiasi gani. Makhanu alishauriwa ajaribu kutengeneza ala za muziki, na ameshaanza kumsumbua Sammy kuhusu gitaa la mkebe. Kukhu Pascalia alishauriwa ajiunge na kwaya.

Sasa, kando ya kreti, Kukhu anatoa jibu lililokuwa likisubiriwa.

"Nilienda," anasema. "Nikakaa na wale wa sauti ya kwanza. Mwalimu wa kwaya akaniambia nisogee nyuma kidogo. Nikasogea. Akaniambia kidogo tena. Nikasogea mpaka nyumbani."

Steji nzima inaangua kicheko. Mideva anajaribu kubaki mtu wa kazi. "Kwa hiyo niandike ulijaribu?"

"Andika nilijaribu. Andika pia mashine ilijaribu."

Mideva anaandika jibu la kwanza. La pili halina nafasi kwenye kishikwambi, lakini anasema atamfikishia Osundwa kwa mdomo.

Kazi hii itakwisha kabla ya Desemba. Baada ya hapo, Mideva na wenzake wawili wanapanga kufungua ofisi ndogo Amalemba. Huduma yao itakuwa moja: mtafiti yeyote atakayeleta maswali, wao wataenda kuyasoma mbele ya watu wa steji, wa soko na wa jikoni kabla hayajaanza kutumika, na kumrudishia yale yanayofunga milango. Osundwa ameahidi kuwa mteja wa kwanza.

Kuna jambo jingine, dogo zaidi. Siku ya mafunzo, kila mkusanyaji data alitakiwa kujihoji mwenyewe kama zoezi. Mideva alijibu kila kitu: umri, elimu, watoto, kazi. Penye uraibu aliandika Hana, na kwake halikuwa kosa la tafsiri. Kati ya watoto, viatu vya mitumba na maswali ya watu wengine, hakukuwa na kitu.

Kukhu anamwondoa Sammy kwenye kiti kwa kumpiga kofi la begani. "Toka, wateja wanakungoja. Mama, kaa. Maswali si yameisha?"

Mideva anazima kishikwambi na kukitia mkobani. Amekuwa akifundishwa kwa wiki kadhaa, na bado hajashinda hata mchezo mmoja. Analenga kushinda mmoja kabla ya Krismasi. Kukhu anapanga vifuniko, anampa vilivyolala chali, na mchezo unaanza.

Baada ya muda Mideva anasita, anasogeza kifuniko, anaruka kete ya Kukhu na kuiondoa ubaoni. Vijana wa boda boda wanapiga mayowe.

Kukhu anakunja uso. "We mama! Nani amekutuma?"

"Hakuna, Kukhu," anasema Mideva, akiifunika ile kete kwa kiganja. "Nachezanga tu."