Macho ya Muzet

Ravdna, mfugaji wa kulungu wa theluji huko Kautokeino, kaskazini kabisa mwa Norwei, hakuwa mtu wa kukata tamaa upesi. Majira yale ya baridi ugonjwa wa macho uliingia kundini, na aliyeumwa zaidi alikuwa Muzet, maksai mweusi ambaye wenzake walizoea kumfuata. Macho yalimvimba, yakatoka usaha na kufunikwa na ukungu, akawa anajigonga kwenye uzio.

"Wifi, huyo sasa ni mchuzi," alisema Inggá, dada wa mumewe.

"Basi usubiri huo mchuzi. Njaa ikikuzidi, kavue samaki."

Daktari wa mifugo alimpa dawa ya kupaka. Ravdna akamtenga Muzet, na kila siku alimkumbatia shingo, akamfumbua kope na kumpaka. Alipigwa mateke, akasukumwa na mapembe, huku Inggá akimcheka mpaka anashika mbavu.

Asubuhi moja Ravdna aliingia zizini kimyakimya, dawa mkononi, upepo ukimpiga usoni ili asinuswe. Muzet aliinua kichwa, akautazama ule mkono, kisha akageuka na kutoka mbio, akikwepa kila nguzo.

"Kakukimbia, wifi," Inggá alisema.

"Kanikimbia kweli," Ravdna alijibu, akiwa ameketi chini kwenye theluji, hoi kwa kicheko. "Kaiona dawa."

Inggá akaruka uzio, akaketi kando yake, wakacheka pamoja, huku Muzet akiwachungulia kutoka pembe ya mbali.