Maziwa ya Mbonea

Nilipokuwa mtoto wa darasa la tatu, kazi yangu kubwa nyumbani ilikuwa kubeba kikombe. Wenzangu pale kijijini walibeba kuni, ndoo za maji na wadogo zao mgongoni. Mimi nilibeba kikombe cha plastiki chenye maziwa ya mama yangu, yasiyofika hata nusu, kutoka chumbani kwake hadi jikoni kwa bibi. Hatua ishirini hivi. Nilijiona mtu mkubwa kwelikweli, na sikukubali mwingine akiguse.

Maziwa yalikuwa ya mdogo wangu, Mbonea. Alizaliwa njiti, mimba ikiwa na miezi saba tu, na alikaa na mama hospitali wiki nyingi kabla ya kuletwa kwetu, mlimani juu ya Gonja. Nilitarajia mtoto wa kuchezea. Nilichokiona siku ile ni mama aliyefungwa khanga mbili kifuani, na juu ya khanga kofia ndogo ya sufu ikichungulia. Ndani Mbonea alikuwa na nepi na soksi tu, ngozi yake juu ya ngozi ya mama. Wauguzi walikuwa wamemfundisha mama kwamba hivyo ndivyo mtoto atakavyokua, kwa joto la kifua na maziwa ya mama, mchana na usiku. Yeye akichoka, mtu mwingine ampokee kifuani vilevile. Na kwa kuwa Mbonea alichoka upesi kunyonya, mama alimnyonyesha kidogo, kisha akakamua na kumnywesha kwa kikombe.

Watu hudhani wazee wa milimani wanakataa kila kitu kipya. Bibi yangu, mama yake baba, hakukataa. Siku ya kwanza alicheka, siku ya pili akauliza maswali, siku ya tatu akafungua vifungo vya blauzi yake. "Mlete huku, mama Nakijwa," alimwambia mama. "Kifua hiki kimezeeka lakini moto bado umo." Tangu siku hiyo, kila asubuhi mama alipokuwa akioga na kukamua, Mbonea alilala kifuani kwa bibi jikoni, na mimi nikawapelekea maziwa humo. Hata baba, aliyekuwa fundi baiskeli Same mjini na kupanda kwetu kila Jumamosi, alivua shati akafungwa khanga. Majirani walipita makusudi kumchungulia. Alisema waache wacheke, yeye anaatamia. Mbonea akaanza kujaa mashavu. Hicho ndicho kinachoniuma zaidi, kwamba tulikuwa tumeshaweza.

Bibi alikuwa na sharti moja. "Maziwa ya mama yakimwagika chini yakaliwa na sisimizi, ziwa linakauka," aliniambia siku aliyonikabidhi kikombe. "Umesikia, Nakijwa?" Nilisikia. Alilisema kwa sauti ileile aliyotumia kunikataza kushika sufuria ya moto, nami nikalipokea hivyohivyo.

Sasa niseme nilichofanya. Asubuhi moja, katikati ya zile hatua ishirini, nilisimama nyuma ya ukuta wa jiko nikayaonja. Sikuwa na njaa. Ulikuwa wivu, basi. Nyumba nzima ilikuwa ikimzunguka Mbonea, na hakuna aliyekumbuka kuniuliza siku hizo shuleni tunafundishwa nini. Nililamba kidogo, yalikuwa matamu kwa mbali, na papo hapo bibi akakohoa ndani. Nikashtuka, mkono ukayumba, maziwa yakamwagikia jiwe la kizingiti. Hayakuwa mengi, kijiko kimoja hivi. Nilipochuchumaa kufuta kwa gauni, sisimizi wawili walikuwa wameshafika.

Nilinyamaza siku tatu. Katika siku hizo tatu maziwa ya mama hayakupungua hata kidogo, na mtoto mwenye akili zake angejiuliza mbona. Mimi nilikuwa mtoto wa hofu. Jumapili mwalimu wetu kanisani alitufundisha juu ya dhambi zilizofichwa, huku akitutazama mmoja mmoja, na nikawa na hakika ananitazama mimi peke yangu. Nikarudi nyumbani moja kwa moja kwa bibi, aliyekuwa anachambua maharage ya makande, nikamwambia yote.

Bibi hakunipiga. Aliweka ungo chini.

"Walikuwa wangapi?"

"Wawili."

"Uliwaona wanakunywa?"

Sikuwa nimewaona wanakunywa. Niliwaona wamefika tu. Lakini nilikuwa nimekuja kutubu, na kutubu nusunusu niliona ni dhambi nyingine. "Ndiyo, bibi," nikasema.

"Umefanya vizuri kusema, mjukuu wangu." Akanishika kichwa, kisha akainuka, akaenda chumbani kwa mama na kufunga mlango. Mimi nilijihisi mwepesi. Niliomba makande nikala, na siwezi kujidanganya, nilikula kwa furaha.

Asubuhi iliyofuata mama alikamua, akakamua, yakatoka matone. Leo najua kwamba mama mwenye hofu anaweza kukamua asipate kitu, na kwamba akituliza moyo na kuendelea, yanarudi. Muuguzi yeyote angemwambia hivyo. Lakini mle chumbani tulikuwa watatu, mama, bibi na mimi, na sote tulidhani tunajua sababu. Bibi akasema ziwa likishaharibika namna hiyo, hata kifua chenyewe kinampa mtoto ubaridi. Mama alizifungua khanga taratibu, akamtoa Mbonea, akamkabidhi. Bibi, ambaye sasa ndiye aliyepaswa kwenda kutafuta maziwa ya ng'ombe kwa jirani, kuyachemsha na kuyazimua kwa maji, hakuweza tena kukaa naye kifuani, akamzungushia mtoto mablanketi mawili na kumlaza kwenye kikapu karibu na mafiga. Alisema joto la moto nalo ni joto.

Mama aliomba arudishwe hospitali.

"Ukaseme nini?" bibi alimuuliza, si kwa ukali. "Kwamba huyu ndiye aliyemwaga?"

Mama aliniangalia, hakuomba tena. Nimelifikiria lile jicho lake kwa miaka mingi. Alikuwa na watoto wawili mbele yake, mmoja wa kukingwa na aibu na mmoja wa kuokolewa, na nadhani alifikiri huyu wa pili bado ana muda.

Kufikia Alhamisi tumbo la Mbonea lilikuwa limeharibika. Alilia kwa sauti nyembamba, kisha Ijumaa akawa halii sana, na bibi akasema afadhali ametulia. Jumamosi baba alifika na mkate mikononi, akaona kikapu.

"Nani amemtoa kifuani?"

Mama akasema, "Maziwa yamekauka tu, baba Nakijwa." Baba hakuuliza la pili. Alivua shati palepale, akamtoa Mbonea kwenye mablanketi, akajifunga naye na kuteremka kwa miguu kutafuta gari. Walipofika hospitali, wauguzi ndio waliomfungua khanga na kumwambia kwamba mtoto ameshakata roho. Tulimzika Jumatatu kwenye mteremko chini ya nyumba, upande wa migomba.

Sasa ninaishi Mwanga, ni fundi cherehani, nina watoto wawili. Kwa miaka mingi niliamini nimemuua mdogo wangu kwa kulamba. Nilipopata mimba ya kwanza, kliniki wakatufundisha juu ya maziwa, nikajua kwamba sisimizi hawana habari na titi la mtu. Hapo nilimkasirikia bibi, lakini nilikuwa nimechelewa, alikuwa ameshakufa. Alikufa akiamini alichoamini, na hata siku zake za mwisho aliniombea Mungu anisamehe. Hasira ilipopoa niliona kosa langu liko wapi. Ningeweza kujisamehe kuonja, na hata kumwaga. Nilichoshindwa kujisamehe ni ile "ndiyo, bibi", ya kitu ambacho sikukiona.

Mwaka jana mama alikuja kunitembelea. Mkwe wa jirani yangu alikuwa ametoka hospitali na njiti wa kike, na mama, bila kuitwa, alivuka uwanja akaingia kwao. Nilimfuata. Nilimkuta anamfunga yule mzazi khanga kifuani, mikono yake inakwenda haraka, kofia ya mtoto imekaa sawasawa chini ya kidevu. "Yakitoka tone moja, kamua hilohilo," alimwambia. "Usimsikilize mtu. Hata mimi."

Tulipokuwa tunarudi nilimuuliza swali ambalo sikuwahi kumuuliza. "Mama, ya Mbonea yalikauka kweli?"

"Hayakukauka. Jumatano yalikuwa yamesharudi. Nilijibana kwa khanga yasionekane kwenye blauzi. Hata siku tunamzika yalikuwa yanatoka."

"Mbona hukusema?"

"Mwanzoni niliogopa yatamdhuru. Kisha akawa hayupo tena." Akasimama. "Ningesema wakati ule, kosa lingekuwa langu na la bibi yako. Nikanyamaza, likabaki kwako. Nisamehe, mwanangu."

Nilimwambia nimemsamehe, na siku nyingi ni kweli. Zipo siku nyingine ninaposhona, mguu unasimama kwenye pedali ya cherehani, namkasirikia mpaka machozi yananitoka, kisha napiga simu kumuuliza kama amekula. Hatukuwa watu wabaya. Kila mmoja wetu alikuwa akimlinda mtu, na Mbonea alihitaji tu mmoja wetu aseme kitu kingine.

Lakini linalonirudia zaidi si maneno ya mama. Ni zile khanga zake. Wiki ile nilizifua mimi, tangu Jumatano, kila siku. Zilikuwa zimekakamaa upande wa kifuani, nikadhani ni uji umemmwagikia. Nilizisugua kwa sabuni mpaka zikatakata, nikazianika juani, na jikoni mdogo wangu alikuwa analia njaa.