Mwalimu Anayesomea Simuni

Jirani yetu, mwalimu wa hesabu, anasomea cheti cha uongozi wa shule simuni siku hizi, na kabla ya kila kipindi huvaa tai, hufuta meza kwa dasta, kisha huiegemeza simu kwenye chupa ya chai. Asipopata hicho cheti hatakuwa mwalimu mkuu, na mkewe ameshaanza kuitikia "Mama Mkuu" sokoni. Kozi yenyewe anaisema vibaya mno: "Mwalimu gani hashiki hata chaki? Huyo ni mtangazaji!" Juzi nilikuwa nimekaa kando yake wakati mkufunzi wake wa simuni, binti wa rika la mwanawe, alipouliza swali na kuonya kwamba asiyejibu atakatwa alama. Mzee wa watu akanigeukia, akaninong'oneza: "We mtoro wa chuo, jibu ni nini?"

"Mwalimu wangu, mimi niliishia mwaka wa kwanza."

Basi akainamisha kichwa kuchungulia chini ya meza, kama anatafuta kalamu iliyoanguka. Simuni kikabaki kipara kitupu, kinang'aa kama sufuria mpya.

"Haya," mkufunzi akasema, "mwenye kipara atujibu."

Akasimama wima, mikono nyuma. "Samahani, mwalimu. Naomba ruhusa niende chooni."