Balozi Anayenifuata Alfajiri

Jamani, leo nimekamatwa kwa kosa la kupunguza tumbo.

Nina miaka arobaini na saba, nina duka hapa Karatu, na mganga wa zahanati kaniambia nisipopungua nitaanguka siku moja. Basi kila alfajiri nakimbia barabara ya Rhotia.

Siku hizi nikawa nasikia hatua nyuma yangu. Nikisimama, nazo zinasimama.

Nikajua tu, huyu anataka funguo za duka.

Leo nikajibanza kwenye ua wa minyaa, nikamrukia. Kumbe ni Mzee Tluway, balozi wetu wa nyumba kumi, anahema kama maksai!

"Sukari unaificha wapi?" akanifokea.

"Sukari gani, mzee?"

"Msako wote huu wa walanguzi wa sukari, halafu mwenye duka anakimbia gizani bure?"

Akanipapasa fulana, akanivua hadi viatu. Akakuta jasho tu. Radhi hakuomba!

Nikadhani yameisha.

Mchana mkewe kaja dukani, kanitupia suruali ya mumewe kwenye kaunta.

"Inamvuka. Anatoka alfajiri, anarudi kaloa jasho, na ukimuuliza anakuwa mkali. Wewe ni rafiki yake, shemeji. Huyo mwanamke ni nani?"

Nyie mngemjibuje?

Mimi nilisema kweli: "Shemeji, anayefuatwa na mumeo ni mimi."

Akanitazama kuanzia tumboni hadi viatuni, akaichukua ile suruali.

Nahisi kesho tutakimbia watatu.