Mimba Iliyoingia Kwenye Simu Yangu

Chekeni tu jamani, mimi nimeshachoka hata kuona aibu, maana hapa kwenye kota za polisi Luzira hakuna asiyejua kwamba bibi mwenye wajukuu alipigiwa vigelegele vya mimba na mama mkwe wake.

Yote yalianzia kwenye kadi ya kliniki. Wifi yangu Zubeda, mdogo wake mume wangu, alikuja ameshika tumbo akasema vidonda vimemrudia, na kwa kuwa kufunguliwa faili jipya pale ni kupanga foleni tangu alfajiri, nikamwazima kadi yangu (huku kwetu kadi huzunguka nyumba hadi nyumba kama sufuria, haina picha, nani atauliza?). Akatibiwa kwa jina langu, nikasahau.

Basi kliniki ikaanza kutuwekea mafaili kwenye simu, nesi akaniunganisha, na mimi na kiherehere changu, Jumapili mama mkwe amekuja kula, nikaanza kujigamba kwamba siku hizi presha yangu naiona nikiwa jikoni. Miwani sikuwa nayo, nikampa mume wangu simu asome. Yule ni sajenti, hajui kusoma taratibu, akasoma kwa sauti ya gwaride: presha, dawa za presha, kisha, "Mjamzito, arudi kliniki ya akina mama."

Mkeka mzima ukanigeukia.

"Banange! Wewe?" akauliza mume wangu, na uso wake (Mungu amsamehe) ukaanza kufurahi.

Nikamtazama Zubeda. Alikuwa ameshika beseni la kunawisha wageni, anarudi nyuma kuelekea mlangoni. Hapo nikaikumbuka ile kadi, nikaelewa, na nikajua mama yake akisikia ana mimba bila ndoa atamkana. Nikasema, "Ni mambo ya Mungu." Ndiyo, nilisema hivyo, na umri wangu huu.

Mama mkwe akapiga vigelegele mpaka majirani wakajaa dirishani, akanikumbatia, kisha akaenda kabatini akachukua dawa zangu za presha. "Hii dawa mbaya kwa mtoto, nyabo. Mimi natupa yote." Akaelekea chooni nazo, mimi nyuma nahema namvuta gauni, kwa sababu bila zile dawa mimi huanguka (sokoni nilishaanguka).

"Mama, rudisha yeye dawa yake," Zubeda akasema nyuma yetu. "Mimba ni ya mimi."

Mama mkwe akaniwekea dawa mkononi, akachukua mkoba wake, akaondoka bila kumuaga binti yake. Chakula kikapoa.

Sasa kadi yangu inalala chini ya mto, haiazimwi tena, hata uje unalia damu. Faili langu kliniki wanasema watalirekebisha kesho, na kesho haifiki. Zubeda anaishi kwangu, mama yake hajapiga simu hata kumjulia hali. Juzi simu ikalia, nikatafuta miwani, nikasoma: "Mama, siku ya kumpima mtoto aliye tumboni imefika. Usije peke yako, njoo na mtu wa familia." Miguu inauma, presha iko juu, nimechoka kabisa. Nikamwita Zubeda, nikavaa viatu.